Sauti ya pili

Jioni moja pale Bwegera, vumbi la malori ya Uvira likiwa bado halijatua, kibanda cha kuchaji simu kilikuwa kimefungulia bafle wimbo wa kantri wa Kenny Rogers na Dolly Parton. Kijana mwenye kibanda Kiingereza hakijui. Alikuwa akiguna tu, macho kwenye nyaya zake, ila hakuwa akifuata sauti ya Kenny. Alikuwa juu yake kidogo. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Papa, mimi niko ku korale, naimba tenori," akasema. "Sikio linajiendea."

Siri ya dueti ya kantri iko hapo hapo. Anayeimba korale anazijua do-re-mi. Basi baba akiimba do, mwenzake hushika mi. Baba akipanda re, mwenzake anahamia fa. Wanakwenda hivyo bega kwa bega, lakini nafasi kati yao haibaki ileile: kutoka do hadi mi ni hatua mbili nzima, kutoka re hadi fa ni moja na nusu. Hako kanusu kanakopungua ndiko kanakofanya wimbo wa mapenzi uonekane kama una furaha na kilio ndani ya pumzi moja.

Kazi ngumu ni kupata do itakayowafaa wote wawili. Koo la mwanamke kwa kawaida liko juu sana kuliko la mwanamume. Ukiiweka do pazuri kwa baba, mama ama atanguruma chini ama atapiga kelele juu. Ndiyo maana mwanamke hupewa sauti ya pili, inayomnyanyua kidogo bila kumpasua. Au wimbo wenyewe unahama. Sikiliza tena "Islands in the Stream", wimbo ule wa kibandani: Rogers anaanza peke yake, na zamu ya Dolly ikifika, do inahamishwa, muziki mzima unahamia kwake. Mpiga gitaa aliyeukariri bila kuuelewa hujikwaa papo hapo.

Na wimbo huo haukuzaliwa dueti. Uliandikwa na ndugu wa Bee Gees, na mwaka 1983 Rogers alikuwa studio akihangaika nao siku kadhaa hadi, kwa simulizi yake mwenyewe, akauchoka. Barry Gibb, mmoja wa waliousimamia, akasema anayehitajika ni Dolly. Akaitwa, akaja. Oktoba ya mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani.

Sisi tuliolelewa na rumba ya Tabu Ley na Mbilia Bel tunaweza kuona mambo haya ni makavu. Kwetu sauti zikimaliza maneno, magitaa yanapokea, sebene inaanza, na aliyekosea kuimba anasamehewa na miguu. Kantri haina pa kujificha namna hiyo. Ala zinarudi nyuma, na koo mbili zinabaki mbele kama wachumba mbele ya wazee.

Wachumba wenyewe wamo hata katika Kiswahili chetu. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliirekodi "Malaika" kwa sauti mbili, ule wimbo wa mtu anayependa ila hana mali ya kuoa. Huku bonde la Ruzizi, ambako mahari bado inaweza kuhesabiwa kwa ng'ombe, hakuna anayehitaji kutafsiriwa kisa hicho. Kinachonishangaza mimi ni kwamba mwenye shida ni mmoja, lakini wanaoililia ni wawili. Msichana naye anaubeba ufukara wa kijana, hatua mbili juu.

Pale kibandani zamu ya Dolly ilifika. Do ikahama. Kijana akanyamaza, akaweka chini simu ya mteja, akainamisha kichwa kwenye bafle, akaanza kuitafuta mi yake upya.