Run, Piga, Muguka: Maneno Yanayoshikilia Rekodi

Kwa miaka mingi, taji la neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza lilivaliwa na set. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, lilikipa kitenzi hicho maana zaidi ya 430, na maelezo yake yakafika takriban maneno 60,000. Hiyo ni riwaya nzima. Siku hizi bingwa ni run. Mhariri wa Oxford, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho miezi tisa, na alipomaliza alikuwa ametenga maana 645.

Mpe run mwanafunzi wa Kiritiri, makao makuu ya Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, amtafutie Kiswahili chake, uone kazi. Mtoto anakimbia. Matatu ya kwenda Embu inatembea. Jenereta inanguruma. Maji ya bomba yanatoka, siku yakitoka. Makamasi yanachuruzika. Mgombea anawania kiti cha wadi, na mama mwenye duka analiendesha. Ukiteremka kuelekea Tana, kwenye mabwawa ya Seven Forks, mitambo inazunguka: Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Gitaru, yenye megawati 225, ndiyo inayoongoza nchini kwa uwezo wa kuzalisha umeme wa maji. Mwingereza angetumia run kwa hayo yote, hata kwa mto wenyewe. Sisi tumetumia kitenzi kipya kila tulipofika.

Hapo wapo wanaosema Kiingereza kina utajiri kutushinda. Mimi naona kinyume. Neno moja kubebeshwa mizigo yote ya nyumba ni dalili ya uvivu wa msemaji, si utajiri. Lakini nikisema hivyo ni lazima nikiri kwamba nasi tunaye mtumwa wetu, naye ni piga.

Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, rangi, kura, magoti, makofi, mluzi, chafya, miayo, hodi, kambi, mnada, ramli, mbizi, teke, kelele na marufuku. Tunapiga hatua na tunapiga moyo konde. Mkenya anayeuza kitu haraka anakipiga bei, anayekunywa pombe anapiga maji, na aliyevaa akapendeza amepiga luku. Hata kukimbia tunaweza kukuita kupiga mbio, yaani piga imeweza kummeza run mwenyewe. Katika orodha hiyo yote, anayeumia kwa kweli ni yule wa teke peke yake.

Je, piga ingehesabiwa kwa mizani ya Oxford ingepita 645? Sidhani, na sababu inafaa kuelezwa. Maana ya run imo ndani ya run. Maana ya piga kwa kiasi kikubwa hutoka kwa nomino inayoifuata: ondoa pasi, ondoa kura, nayo inabaki na ngumi tu. Wengine kwa hiyo husema umaarufu wake ni wa kuazima. Upande wa pili, Kiswahili kina hesabu ambayo Kiingereza hakina, nayo ni ya vinyambuo. Pigwa, pigia, pigiwa, pigana, piganisha, piganiwa, pigika, pigisha, kisha pigo, pigano, mpigaji, mpiganaji. Kamusi huviweka vingi vya hivi chini ya kidahizo kimoja, kwa hiyo kinachoonekana ukurasani kama neno moja kwa kweli ni ukoo. Uamuzi wangu: kwa maana, run, kwa uzazi, piga.

Walimu wa Kiswahili nchini wana mashindano yao mengine, yale ya vitawe, yaani maneno yenye tahajia moja na maana zisizohusiana. Wengi watakutajia kaa. Kuna kaa wa baharini, kaa la moto, na kukaa kitini. Na huku bara tunaongeza kaa ya kufanana au kuonekana, kama mtu anapoambiwa “unakaa mgonjwa”. Mimi nampigia debe paa. Paa la mabati, paa wa nyikani, ndege anayepaa, na samaki anayepaliwa magamba. Ukisimama karibu na bwawa la Kamburu unaweza kukutana na zote nne asubuhi moja, ingawa muuza samaki wa huko atakuambia anatoa magamba, na kupaa atawaachia watahiniwa.

Sasa tufike kwenye visawe, ambako Kiritiri haina haja ya kuazima mfano kwa mtu.

Ungedhani mshindi ni pesa: fedha, hela, ganji, chapaa, mkwanja, doo, na kila kizazi cha Sheng kinaongeza lake. Lakini kuna mmea wa kutafunwa unaoshindana na pesa kwa karibu. Wameru wa Nyambene wanauita miraa. Pwani ya Kenya na Uganda utasikia mairungi. Tanzania, ambako ni haramu, ni mirungi. Waarabu wa Yemen wanasema qat, Waethiopia chat, Wasomali jaad. Vijana wa Nairobi wana veve, gomba na jaba. Wataalamu wa mimea wana jina lao moja, Catha edulis, na jina hilo wamelipa pia muguka wa Mbeere.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mkulima wa Kiritiri hakubali kwamba muguka na miraa ni visawe. Atakuonyesha. Miraa huuzwa kwa vijiti, vikafungwa vibunda na kufunikwa kwa majani ya mgomba visikauke, na mlaji huvua ganda akalitafuna. Muguka ni majani machanga na ncha laini, huchumwa kwa vidole, hutiwa gunia, hupimwa kwa kilo, na mlaji hula jani lenyewe. Bei yake ni ya chini, ndiyo maana umewafikia watu ambao miraa haikuwafikia. Zao moja kwa mwanasayansi; mazao mawili kwa mtu anayelipa karo kwalo.

Mwezi Mei 2024 tofauti hiyo ya maneno iligeuka kesi. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka, Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Miraa haikutajwa. Wakulima wa Embu waliona wametengwa kwa jina tu, na hilo likawapeleka kwenye hoja ambayo sokoni wangeikataa: kwamba muguka ni miraa. Sheria iliwasaidia, kwa kuwa kanuni za miraa za 2023, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinautambua muguka ndani yake. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo kwa muda.

Siwalaumu wakulima. Wakili yeyote angewashauri hivyo. Ila kama refa wa rekodi siwezi kuhukumu kwa kanuni hizo za miraa. Miraa ishinde taji la visawe, ikiwa na mairungi, mirungi, qat, chat, jaad, veve, gomba na jaba. Muguka nautoa kwenye orodha hiyo: una mlaji wake, mizani yake na bei yake, na katika kamusi unastahili kidahizo chake wenyewe.