Unga Hautaki Maji ya Nyama

Tangu wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig wafungue kituo chao Nkoaranga mwaka 1902, sherehe nyingi za upande huu wa mlima Meru zimekuwa zikifuata kalenda ya kanisa: ubatizo, kipaimara, ndoa, Krismasi. Na kwenye sherehe kubwa, kama ilivyo kote Arusha na Kilimanjaro, kinachosubiriwa ni ndafu. Mbuzi mzima huletwa mbele ya watu, mwenye siku yake anakata kipande cha kwanza, vigelegele vinafuata.

Ila si kila familia ina wageni mia mbili. Kwa kipaimara cha watu kumi na wawili nyumbani, mbuzi mzima ni mzigo. Ndiyo maana napenda nyama ya ng'ombe iliyookwa ndani ya unga wa ngano. Nayo huletwa mezani ikiwa nzima, hukatwa mbele ya wageni, na kila kipande hutoka na ganda la kahawia nje na nyama laini ndani. Waingereza huiita beef Wellington. Jina hilo ni la jemadari aliyeshinda pale Waterloo mwaka 1815, ingawa umaarufu wake mezani ni wa karne ya 20. Tuliache hilo, tuingie jikoni.

Mara yangu ya kwanza kuipika, juu ilipendeza sana, lakini nilipokata, unga wa chini ulikuwa umelowa na kunata kama uji uliopoa. Nilikuwa nimeifunga nyama ingali ya vuguvugu. Nyama ikipata moto hukaza nyuzi zake na kukamua maji, na maji hayo yakiwa hayana pa kutokea huingia kwenye unga. Anayepika sambusa analijua hili siku nyingi: nyama ya kusaga hukaangwa mpaka ikauke kabisa, ndipo itiwe kwenye manda. Nyama yenye majimaji huchana manda. Jani la mgomba tunalofunikia sufuria ya ndizi linapenda mvuke, kazi yake ni kuuzuia usitoke. Unga ni kinyume chake. Karibu kila hatua ya pishi hili ni namna ya kuyaondoa maji kabla unga haujafika.

Kazi inaanza buchani. Nyama nyingi tunayonunua imechinjwa alfajiri ile ile, na watu huona fahari kuipata ingali na joto. Kwa supu haina neno. Kwa pishi hili ni kosa. Saa chache baada ya mnyama kufa, misuli yake hukakamaa, na ukiipika katika hali hiyo utatafuna mpaka taya zichoke. Ikikaa siku mbili au tatu kwenye ubaridi, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukatakata nyuzi polepole, nayo hulainika. Iweke kwenye friji isiyozidi nyuzijoto 4, juu ya wavu, bila kuifunika, rafu ya chini kabisa isije ikadondokea vyakula vingine. Uso wake utakauka na kuwa kama ngozi nyembamba, na hicho ndicho tunachokitaka. Kama umeme wa kwenu hauaminiki, usijaribu kuilaza. Chukua njia ya kidari nitakayoieleza.

Mapishi ya vitabuni hutaka fileti. Fileti ya ng'ombe wetu wa kienyeji ni nyembamba, na upande mmoja unachongoka kama mkia. Nunua mbili, uzilaze ncha ya moja kwenye kichwa cha nyingine, ufunge kwa uzi wa pamba ili unene ulingane. Papai bichi usipake. Linalainisha kweli, lakini kwenye nyama ambayo tayari ni laini huufanya uso uwe teketeke na wenye maji. Tia chumvi, kisha ibabue pande zote kwenye kikaango cha moto mkali. Wengi huamini kubabua kunaziba maji yasitoke, hakuzibi. Kunaleta rangi na harufu, na kunakausha uso. Baada ya hapo iache ipoe kabisa, hadi ndani. Hapa ndipo mimi nilipokosea.

Kwa mfuko wa wengi wetu, na kwa ng'ombe aliyetembea sana akitafuta majani, mimi nakipendelea kidari. Chukua kilo mbili bila mfupa, kipikie kwa moto mdogo na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzijoto 95 tu, na ukipanda mlimani hushuka kidogo zaidi, kwa hiyo usishangae saa tatu zikipita. Katika muda huo ile mishipa migumu huyeyuka na kuwa ute. Kitoe, kichuje, kifunge kwa kitambaa safi na kukikandamiza kwa kitu kizito ndani ya friji usiku mzima. Asubuhi utapata tofali la nyama lililoshikana, kavu, lililokwisha kuiva. Kama huna friji, kipike asubuhi ya siku yenyewe, kikandamize mpaka kipoe, ukioke mara moja bila kukilaza. Mchuzi wake ni supu ya wageni wanaowahi.

Kati ya nyama na unga lazima pawe na kizuizi. Desturi ni uyoga uliokatwa vipande vidogo sana na kukaangwa hadi maji yote yaishe. Uyoga wa mamama unafaa, ila ukaange kwa subira mpaka uache kutoa mvuke. Mimi nyumbani natumia ndizi mshare: zichemshe, zimwage maji, ziponde na siagi kidogo na pilipili manga, zipoe. Wanga wake hunyonya kile kidogo kinachovuja, na ladha yake inajulikana na kila aliyekulia Meru.

Unga usikutishe. Ukijua kusukuma chapati unajua tayari siri yake: mafuta yanayopakwa katikati hutenganisha tabaka, na mvuke huzinyanyua. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano tumia robo kilo ya siagi, chumvi, na maji baridi ya kushikanisha tu. Tofauti na chapati ni kwamba siagi hapa ibaki ngumu. Ikate vipande, ichanganye bila kuiponda, sukuma, kunja mara tatu, pumzisha kwenye baridi, rudia mara nne. Mwezi wa sita na wa saba hali ya hewa yetu inafanya nusu ya kazi. Desemba fanya alfajiri.

Sukuma unga, tandaza mshare, weka nyama, funga, mshono uwe chini. Paka yai, toboa matundu mawili matatu juu. Oveni iwe nyuzijoto 200, na trei iwe imeshapata moto kabla, ili unga wa chini uanze kukauka mara moja. Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga ndani ya sufuria nene, upashe vizuri, weka trei juu ya vijiwe, funika, kisha palia moto juu, mkaa wa kifunikoni uwe mwingi kuliko wa chini. Dakika 40 hivi, lakini macho yako yaamue kuliko saa.

Picha za ugenini huonyesha fileti ikiwa nyekundu katikati. Sikushauri hivyo. Nyama isiyoiva ndiyo njia ya minyoo tegu, kwa hiyo nunua yenye mhuri wa mkaguzi na hakikisha kitovu chake kimefika walau nyuzijoto 63. Kipimajoto ni kifaa kidogo kinachostahili bei yake. Kidari hakina shaka hiyo. Kinahitaji tu kupata moto hadi katikati.

Ikitoka, iache dakika 15 kabla ya kisu. Na kama kipaimara ni Jumapili, nyama iwe imeshaingia nyumbani Alhamisi.