Simu ya Mtumba Inapogoma Baada ya Kusasishwa

Kuamilisha simu ni mawasiliano mafupi kati ya simu na seva za kampuni iliyoiunda. Simu inapowashwa mara ya kwanza, au baada ya kufutwa kila kitu, na mara nyingine baada ya kuwekewa toleo jipya la mfumo, hutuma namba zake za utambulisho: namba ya mfululizo pamoja na IMEI, ambayo ina tarakimu 15 na haipaswi kuwa sawa na ya simu nyingine yoyote. Seva hukagua rekodi zake, kisha hutoa kibali au hukataa. Bila kibali hicho, simu hubaki kwenye skrini ya kukaribisha, hata kama betri ni nzima na kioo hakina mkwaruzo.

Simu mpya kutoka kiwandani kwa kawaida hupata kibali bila tatizo, kwa sababu haina historia. Ya mtumba ina historia. Simu inayouzwa katika vibanda vya Suuq Mugdi mjini Garissa huenda ilinunuliwa kwanza Uingereza au Dubai, ikapitia Eastleigh jijini Nairobi, kisha ikasafiri kwa basi kilomita 370 hivi hadi ng'ambo ya mto Tana. Nyingine huletwa na jamaa walioko Minneapolis nchini Marekani. Kila mkono uliopita huenda uliacha alama: akaunti ambayo haikuondolewa, mkataba na kampuni ya simu, au deni. Kwa hiyo, mara nyingi sasisho halileti kufuli jipya. Hulifichua lile lililokuwepo tangu awali, kwa kuilazimisha simu iulize tena kama ina ruhusa. Ndiyo maana simu iliyofanya kazi miezi sita inaweza kugoma usiku mmoja.

Hatua ya kwanza ni kusoma ujumbe ulio kwenye skrini neno kwa neno, kabla ya kumpa fundi kifaa. Ujumbe huangukia katika makundi matano: simu imeshindwa kuifikia seva, sasisho halikukamilika, simu inadai akaunti ya mmiliki wa awali, simu inaikataa laini au inataja deni, au simu haioni modemu yake yenyewe. Kila kundi lina tiba yake, na tiba ya moja haisaidii jingine.

Mtandao na saa

Kundi la kwanza ndilo jepesi zaidi, na ndilo linalopaswa kuondolewa mwanzo. Simu ikisema seva haipatikani kwa sasa, huenda tatizo ni intaneti tu. Nje ya miji mikubwa ya Garissa, Wajir na Mandera mawimbi huwa hafifu, na katika maeneo ya mpaka wa Somalia minara ya mawasiliano imewahi kulipuliwa na wanamgambo wa al-Shabaab, hali iliyoacha vijiji bila mtandao. Wi-Fi ya hoteli au ofisi nayo inaweza kukwamisha kazi ikiwa inadai mtumiaji afungue ukurasa wa kujisajili, maana simu ambayo haijaamilishwa huenda isiweze kuufungua. Njia rahisi ni kuwasha hotspot kwenye simu nyingine yenye bando na mawimbi mazuri, kuunganisha simu iliyogoma, na kujaribu tena baada ya kuizima na kuiwasha.

Saa na tarehe ni sababu isiyoshukiwa na wengi. Mawasiliano kati ya simu na seva hulindwa kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyokaa dukani muda mrefu bila chaji inaweza kupoteza saa yake, ikaviona vyeti halali kuwa vimepitwa na wakati au bado havijaanza kutumika. Mfano unaojulikana ni wa iPhone 5: ile ambayo haikuwa imewekewa toleo la 10.3.4 kabla ya tarehe 3 Novemba 2019 ilipoteza tarehe sahihi na huduma zinazotegemea intaneti, na ilibidi isasishwe kwa kompyuta. Kwa iPhone, kuiunganisha na kompyuta yenye iTunes kunasaidia pia kwa sababu kompyuta inaweza kukamilisha uamilishaji kupitia intaneti yake.

Sasisho lililokatika njiani

Umeme ukipotea au bando likiisha katikati ya sasisho, mfumo unaweza kubaki nusu wa zamani na nusu mpya. Dalili zake ni simu kujizima na kujiwasha bila kikomo, kukwama kwenye nembo, au kutoa ujumbe kwamba sasisho linahitajika ili simu iamilishwe.

Kwa iPhone, tiba ni hali ya urejeshaji. Simu huunganishwa na kompyuta kwa waya. Kuanzia iPhone 8 na kuendelea, kitufe cha kuongeza sauti hubonyezwa na kuachiliwa haraka, kisha cha kupunguza sauti vivyo hivyo, halafu cha pembeni hushikiliwa hadi picha ya waya na kompyuta itokee. iPhone 7 hutumia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha pembeni. iPhone 6s na zilizotangulia hutumia kitufe cha mwanzo pamoja na cha kuwashia. Kompyuta hutoa chaguo mbili: kusasisha, ambako hujaribu kuweka mfumo upya bila kugusa picha na namba, na kurejesha, ambako hufuta kila kitu. Ya kwanza ndiyo ijaribiwe mwanzo.

Faili la mfumo huwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, jambo lenye uzito pale intaneti inaponunuliwa kwa bando. Kupakua kukizidi dakika 15, simu hutoka yenyewe katika hali ya urejeshaji. Wengi hudhani hapo kazi imeharibika. Kinachotakiwa ni kuiacha kompyuta imalize kupakua, kisha kurudia kubonyeza vitufe. Kwa simu za Android, kila kampuni ina programu yake ya kompyuta, na faili lazima lilingane kabisa na modeli iliyoandikwa kwenye simu. Faili la modeli jirani linaweza kuua modemu.

Kufuli la mmiliki

Hapa ndipo simu nyingi za mtumba hukwama. Apple ilianzisha kufuli la uamilishaji mwaka 2013 pamoja na mfumo wa iOS 7, ili simu iliyoibwa isiwe na faida kwa mwizi. Google ilifuata mwaka 2015 katika Android 5.1: simu iliyofutwa kwa nguvu hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Katika mifumo yote miwili, taarifa ya umiliki haiondoki kwa kufuta simu peke yake.

Tukio la Machi 2016 lilionyesha uzito wa jambo hili. Apple ilipotoa iOS 9.3, baadhi ya vifaa vya zamani, zikiwemo iPad 2, vilidai akaunti na nywila vilivyotumika kuviandaa mara ya kwanza. Wengi walikuwa wamesahau nywila hizo, na walionunua vifaa vilivyotumika hawakuwahi kuzijua. Kampuni iliondoa toleo hilo kwa muda kwa vifaa vya zamani na kutoa jingine lililorekebishwa.

Chanzo kingine ni ujanja wa kulikwepa kufuli. Septemba 2019 ulitangazwa udhaifu unaoitwa checkm8, uliomo ndani ya chipu za iPhone 4S hadi iPhone X, ambao Apple haiwezi kuuziba kwa sasisho. Kwa kuutumia, baadhi ya mafundi huifanya simu iliyofungwa ionekane huru. Lakini ujanja huo hubadilisha tu mfumo uliomo kwenye simu. Rekodi ya seva hubaki vilevile. Mnunuzi akisasisha, mfumo safi huwekwa na kufuli hurudi. Simu inayouzwa kwa sharti la "usiisasishe kamwe" kwa kawaida ni ya aina hii.

Tiba halali ipo, na haihitaji simu irudi kwa mwenyewe. Mmiliki wa awali anaweza kuingia kwenye akaunti yake kupitia intaneti akiwa Nairobi, Dubai au Minneapolis, akaiondoa simu kwenye orodha ya vifaa vyake. Skrini ya iPhone huonyesha herufi ya kwanza ya barua pepe husika, dokezo linaloweza kumsaidia muuzaji kukumbuka ni nani aliyemletea. Aliyenunua ikiwa mpya na kubaki na risiti ya awali anaweza kuiomba Apple iifungue. Kwa Android, mmiliki aliyesahau nywila akiibadilisha, inafaa kusubiri saa 24 kabla ya kuitumia kwenye simu iliyofutwa. Skrini ikitaja shirika au kampuni inayosimamia kifaa, basi kilikuwa mali ya kazini, na ni shirika hilo pekee linaloweza kukiachilia.

Kufuli la laini na la deni

Simu iliyouzwa kwa mkataba Marekani inaweza kuwa imefungwa kwa kampuni moja ya mawasiliano. Ikitiwa laini ya Safaricom au Airtel, husema laini haikubaliki. Wauzaji wengine huweka chini ya laini kipande chembamba chenye chipu kinachoidanganya simu kuhusu mtandao wake, na sasisho huweza kuufuta udanganyifu huo. Kuchomoa kishika laini na kukitazama kunatosha kukigundua. Ufunguzi wa kudumu hutolewa na kampuni iliyoifunga, kwa ombi la mwenye mkataba aliyemaliza malipo. Iwapo simu haina tundu la laini kabisa, si hitilafu: iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hutumia eSIM pekee, ambayo huombwa kwa kampuni ya simu.

Kufuli la deni ni la nyumbani. Tangu mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom uanze mwaka 2020, na kupitia kampuni kama M-KOPA, Wakenya wengi wamenunua simu kwa malipo ya kila siku. Malipo yakikoma, simu hufungwa kutoka mbali. Mwenye deni akiiuza, anayeinunua hununua pia masharti ya mkopo, na kufuta simu hakusaidii kwani kufuli hurejea simu inapofika mtandaoni. Salio lilipwe, na mkopeshaji aifungue.

IMEI nayo ina sheria yake. Tarehe 30 Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia zenye IMEI zisizo halali, na zaidi ya milioni moja zilipoteza mtandao. Kuanzia Januari 2025 waagizaji walitakiwa kutangaza IMEI za simu walizoingiza nchini. Kubadilisha IMEI ili kuifufua simu iliyozuiwa ni kosa la jinai, na fundi anayependekeza njia hiyo anamwingiza mteja hatarini.

Modemu iliyokufa

Kundi la mwisho si la programu. Kwenye skrini ya kuandalia iPhone kuna alama ndogo yenye herufi i. Ikiguswa huonyesha IMEI. Kwa simu nyingi, hata kupitia ukurasa wa simu za dharura, *#06# hufanya kazi hiyo. Nafasi ya IMEI ikiwa tupu, modemu haisikiki, na seva haiwezi kutoa kibali kwa simu isiyoweza kujitambulisha. Mwaka 2018 Apple ilikiri kwamba baadhi ya iPhone 7 zilikuwa zikikosa mtandao kwa sababu ya kipuri kilichoharibika kwenye bodi kuu. Kuanguka, maji na joto huleta madhara kama hayo. iPhone imeundwa kutumika katika joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho mchana wa Garissa hukivuka mara nyingi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani huwa zaidi. Ukarabati wake ni wa kuchomelea bodi chini ya darubini, kwa hiyo gharama ilinganishwe na thamani ya simu kabla ya kuanza.

Wakati wowote wa matengenezo, M-Pesa haipotei. Akaunti imefungamana na laini, hivyo laini ikihamishiwa simu nyingine, hata ya vibonyezo, fedha hupatikana.

Kabla ya kulipa

Karibu makufuli yote yaliyoelezwa hapa hugunduliwa dukani kwa muda mfupi. Muuzaji aondoe akaunti zake mwenyewe kwenye mipangilio, kisha aifute simu mbele ya mnunuzi. Iwashwe upya kwa laini na intaneti ya mnunuzi hadi ifike skrini ya mwanzo, bila kudai nywila ya mtu mwingine. Mfumo usasishwe hadi toleo jipya hapo hapo, pesa zikiwa bado mfukoni. IMEI ya *#06# ilinganishwe na iliyo kwenye mipangilio, kwenye boksi na kwenye kishika laini kama ipo. Ipigwe simu moja na ipokewe nyingine. Mwishowe iandikwe risiti yenye IMEI, tarehe, jina la muuzaji na namba yake, kwa kuwa ndiye atakayetafutwa iwapo simu itamkumbuka mmiliki mwingine.