Sanamu ya Buddha ya Berenike

Sanamu ya Buddha ya Berenike ni sanamu ya marumaru inayomwonyesha Gautama Buddha akiwa amesimama. Ilipatikana katika magofu ya Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, katika uchimbaji wa wanaakiolojia kutoka Poland na Marekani. Serikali ya Misri ilitangaza habari zake mnamo Aprili 2023. Ina kimo cha sentimita 71 na inakadiriwa kuwa ya karne ya 2 BK.

Sanamu nyingine za Buddha zimewahi kupatikana mbali na Asia. Ile ndogo ya shaba ya Helgö, Uswidi, ilitengenezwa upande wa Bara Hindi ikasafirishwa ikiwa tayari. Ya Berenike ni tofauti: jiwe lake linaaminika kutoka eneo la kusini mwa Istanbul, na wataalamu wanaona kwamba ilichongwa Misri kwenyewe, ama Aleksandria ama Berenike.

Muonekano

Mkono wa kushoto umeshika sehemu ya vazi. Kichwa kimezungukwa na duara la nuru lenye miale ya jua, na kando ya mwili kuna ua la yungiyungi. Upande wa kulia umevunjika, pamoja na mguu.

Bandari ya Berenike

Mji ulianzishwa na mfalme Ptolemaio II katika karne ya 3 KK, akaupa jina la mama yake. Mwanzoni ulipokea tembo wa vita kutoka kusini. Chini ya Waroma ukawa mlango wa biashara ya Uhindi: ndani ya mtungi wa Kihindi kwenye hekalu la Serapis zilikutwa kilo 7.55 za pilipili manga. Kitabu cha Periplus cha karne ya 1 BK kinaitaja Berenike, na kinaeleza pia njia ya kwenda Azania hadi Rhapta, soko linalodhaniwa kuwa lilikuwa kwenye pwani ya Tanzania ya leo.

Sanamu ilikutwa katika hekalu la mungu mke Isis. Humo yalipatikana pia maandishi ya Kisanskrit ya wakati wa Kaisari Filipo Mwarabu (244–249). Yaelekea basi kwamba wafanyabiashara wa Kihindi walikaa mjini wakaweka sadaka zao katika hekalu la wenyeji.

Athari za kisanaa

Wabuddha wa kwanza hawakumchonga Buddha kwa umbo la mtu. Katika michongo ya Bharhut na Sanchi anaonyeshwa kwa alama tu: nyayo, gurudumu, kiti kitupu au mti wa Bodhi. Sanamu zenye umbo la mtu zilienea katika karne za kwanza BK, wakati wa ufalme wa Wakushani, katika sehemu mbili. Huko Gandhara (Pakistan kaskazini-magharibi na mashariki ya Afghanistan) wachongaji walitumia jiwe la kijivu, wakamvika Buddha joho zito lenye mikunjo mingi na kumpa nywele za mawimbi, kama sanamu za Wagiriki na Waroma. Huko Mathura, kusini mwa Delhi, walitumia jiwe jekundu la mchanga. Buddha wao ana kifua kipana, vazi jepesi na bega moja wazi, akifuata mfano wa sanamu za yaksha, yaani mizimu ya kienyeji.

Mfaransa Alfred Foucher alidai kwamba sanamu ya Buddha ilizaliwa Gandhara kwa mkono wa Kigiriki. Mwaka 1927 Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Sri Lanka, alimjibu kwamba Mathura ilikuwa na chimbuko lake yenyewe. Ugomvi huo ulihusu zaidi ya mawe, kwa kuwa Uhindi ilikuwa bado koloni, na kusema kwamba Wahindi walihitaji Wagiriki ili kuchonga mungu wao kulikuwa na uzito wa kisiasa. Wasomaji wa historia ya Kilwa watalikumbuka swali hilohilo, kwani majengo yake pia yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya wageni.

Sanamu ya Berenike inayumbisha dai la Foucher kutoka upande usiotarajiwa. Hapa mchongaji aliyezoea marumaru ya Mediteranea ndiye aliyefuata kielelezo cha Kihindi. Miale ya jua ilijulikana kwenye sanamu za Helios, lakini yungiyungi, namna ya kusimama na mtu mwenyewe ni vya Kibuddha. Athari ilipita njia zote mbili, pamoja na bidhaa.

Alama nyingine karibu na Afrika Mashariki

Katika pango la Hoq, kisiwani Sokotra, mabaharia wa Kihindi waliandika majina yao ukutani kwa mwandiko wa Brahmi na kuchora stupa, kilima cha ibada cha Wabuddha. Kwenye monasteri ya Debre Damo, kaskazini mwa Ethiopia, mwaka 1940 zilikutwa sarafu za dhahabu zaidi ya 100 za wafalme Wakushani, wakiwemo Kanishka na Huvishka. Kanishka ndiye mfalme ambaye baadhi ya sarafu zake zina picha ya Buddha, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki: BODDO.