Mshipa uliobanwa katikati ya mgongo: wakati wa kupunguza mzigo na wakati wa kukimbia kwa munganga

Wamama wanaobeba mizigo kwa kamba ya kichwani mjini Bukavu, vijana wanaosukuma chukudu kule Goma na Butembo, walimaji wanaoinama na jembe tangu asubuhi: wengi wanalalamikia maumivu katikati ya mgongo. Jirani anasema mara moja: «Ni mshipa umebanwa.» Inawezekana, lakini si kila mara.

Mshipa unabanwa namna gani?

Sehemu ya kati ya mgongo iko na mifupa 12, na kila mmoja umeshikamana na mbavu. Kati ya mfupa na mfupa kuna kipande laini kama mto mdogo. Kila upande inatoka neva, inayofuata ubavu mpaka mbele, kifuani ao tumboni. Kile kipande kikitoka mahali pake, ao mfupa ukiota kwa sababu ya uzee, neva inabanwa. Ndiyo maana maumivu yanazunguka kama mkanda, yanachoma, na ngozi inaweza kufa ganzi.

Lakini mbavu zinashikilia mgongo vizuri, kwa hiyo neva inabanwa hapa mara chache sana kuliko shingoni ao kiunoni. Mara nyingi kinachouma ni misuli iliyochoka.

Nyumbani fanya nini?

- Punguza mzigo kwa siku kadhaa, ao uugawe kwa safari mbili.
- Usilale kitandani siku nzima. Tembea kidogo kidogo, nyoosha mabega.
- Weka kitambaa cha maji ya moto, isiyounguza.
- Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500: kidonge 1 ao 2, kisha kungoja saa 6, bila kupita vidonge 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa maini aulize kwanza.
- Usikubali mtu akukanyage mgongo ao akuvute mbele sababu haijajulikana.

Tusisahau kifua kikuu

Kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo, na mara nyingi kinashika sehemu hii ya kati, hata kwa mtu asiyekohoa. Kinaanza polepole. Mtu anakandwa na kuchanjwa miezi mingi, huku mfupa unaanguka, nundu inatokea, miguu inapooza. Kikionekana mapema kinapona, na katika nchi yetu dawa zake zinatolewa bure.

Nenda kwenye kituo cha afya kama:

- maumivu yanapita wiki mbili ao tatu, ao yanakuamsha usiku;
- kuna homa, jasho la usiku, kukonda;
- mtoto analalamikia mgongo, ao mgongo wake unapinda;
- malengelenge yanatokea upande mmoja: inaweza kuwa zona.

Usingoje kesho kama: miguu inalegea, mkojo ao choo vinakushinda, umeanguka vibaya, ao maumivu yanabana kifua pamoja na jasho na pumzi fupi.

Mbele ya munganga, eleza maumivu yalianza lini na kama yanashuka miguuni. Umwambie pia kama kuna mtu nyumbani aliyetibiwa kifua kikuu. Neno hilo moja linaweza kumfanya atafute ugonjwa mahali unapojificha.