FUTIBOLI MAREKANI: Mwanafunzi mmoja anavyoweza kuamua hatima ya timu ya kijiji

Katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, mwanafunzi mmoja tu anaweza kuamua timu ya shule icheze na watu wanane au kumi na mmoja. Kiwango kilichotumika huko miaka ya karibuni ni wanafunzi 120, wakihesabiwa wa darasa la 9 hadi la 11. Shule yenye wanafunzi 120 inaruhusiwa kuingia kundi la futiboli ya wachezaji wanane. Yenye 121 inabaki kwenye kundi la kumi na mmoja, hata kama vijana waliojitokeza mazoezini hawatoshi kujaza basi dogo.

Futiboli inayozungumziwa hapa si soka. Ni ule mchezo wa Wamarekani wa kofia ngumu na kinga za mabegani, unaochezwa kwa mpira wenye ncha mbili. Katika miji midogo ya mashambani, mechi ya shule ya Ijumaa usiku, kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, ndiyo mkusanyiko mkubwa wa wiki. Wakulima, wenye maduka, wazazi na wanafunzi wa zamani hukutana uwanjani. Kiingilio na vyakula vinavyouzwa pale huchangia mfuko wa michezo wa shule. Mahali ambapo benki imefungwa na duka la mwisho limehama, timu ya shule huwa ndicho kitu pekee kinachobeba jina la mji mbele ya watu wengine.

Ndiyo maana hesabu ya wanafunzi, ambayo kwingine ingekuwa kazi ya karani tu, husubiriwa kwa wasiwasi.

Kumi na mmoja hawatoshi

Msomaji aliyezoea soka anaweza kuuliza: kama timu ni watu 11, shule yenye wavulana 16 ina shida gani?

Shida iko katika namna mchezo wenyewe ulivyo. Kila mpira unapoanzishwa, wachezaji hugongana kwa nguvu zote, na hilo hujirudia mara nyingi katika mechi moja. Shule kubwa huwa na kikosi cha kushambulia, kingine cha kulinda, na wachezaji maalumu wa mikwaju. Mmoja akichoka, mwingine anaingia. Shule ndogo haina nafasi hiyo. Vijana wale wale hushambulia, hulinda na kupiga mikwaju tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua shule ya mfano yenye wachezaji 16. Watatu wakiumia na wawili wakiugua, wanabaki 11 kamili, na benchi ni tupu. Miongoni mwa hao 11 wamo vijana wa miaka 14 waliotoka tu shule ya chini, ambao sasa wanasimama mbele ya wapinzani wa miaka 18 waliokwisha kuwa watu wazima kwa mwili. Hapo kocha ana njia mbili, na zote ni chungu. Akiingiza uwanjani mtoto ambaye hajawa tayari, anahatarisha afya yake. Akiahirisha au kusalimu mechi, anawakosesha wapinzani mechi yao na mapato yao ya siku hiyo.

Watu wamekwenda wapi?

Sababu ya kwanza ni ya kilimo. Katika majimbo ya tambarare kama Nebraska, Kansas, Dakota Kaskazini na Dakota Kusini, kaunti nyingi za mashambani zilikuwa na watu wengi zaidi karibu karne moja iliyopita kuliko zilivyo leo. Trekta na mashine kubwa za kuvunia zimewezesha familia moja kulima ardhi ambayo zamani ililishwa na familia nyingi. Vijana huondoka kutafuta masomo na kazi mijini, na wanaobaki wana watoto wachache kuliko babu zao. Shule zinaungana, na nyingine zinafungwa.

Sababu ya pili ni hofu ya majeraha. Katika miaka ya 2000 na 2010, tafiti juu ya mtikisiko wa ubongo kwa wachezaji wa futiboli zilijadiliwa sana, na baadhi ya wazazi wakawazuia watoto wao. Takwimu za shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya sekondari zinaonyesha kwamba msimu wa 2008/09 wavulana zaidi ya milioni 1.1 walicheza futiboli ya watu 11. Msimu wa 2018/19 walikuwa milioni moja na kidogo. Baada ya janga la Uviko idadi ilishuka chini ya milioni, kisha ikapanda tena kuvuka kiwango hicho.

Kupanda huko kwa kitaifa hakuisaidii shule ya kijijini. Mji mkubwa ukipoteza wachezaji kumi, timu inaendelea. Kijiji kikipoteza watatu, msimu mzima unaweza kuvunjika.

Dawa ya mwaka 1934

Tatizo hili si geni, na jibu lake la kwanza lilizaliwa Nebraska. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, mwalimu mmoja kijana, Stephen Epler, alibuni futiboli ya wachezaji sita kwa ajili ya shule zisizoweza kupata 11. Mechi ya kwanza ilichezwa katika mji wa Hebron mwezi Septemba 1934, kati ya timu mbili ambazo kila moja iliundwa na shule mbili zilizoungana. Ilimalizika kwa sare ya 19-19.

Mchezo huo una sheria zake. Uwanja ni wa yadi 80 kwa 40, yaani kama mita 73 kwa 37, badala ya yadi 100 kwa 53. Timu inatakiwa kusogea yadi 15 ili iendelee kuwa na mpira, badala ya 10. Mchezaji yeyote kati ya sita anaweza kupokea pasi, ilhali katika futiboli ya kawaida watano wa mstari wa mbele hawaruhusiwi. Kwa kuwa ni vigumu kumkinga mpiga mkwaju kwa watu wachache, mkwaju wa nyongeza baada ya kufunga huleta pointi mbili badala ya moja, na bao la mkwaju ni pointi nne badala ya tatu. Timu ikiongoza kwa pointi 45 wakati wa mapumziko au baadaye, mwamuzi anamaliza mechi.

Kati ya sita na 11 kuna ngazi nyingine pia. Iowa, Nebraska, Kansas na Wisconsin zina mashindano ya wachezaji wanane. Minnesota na majimbo mawili ya Dakota yamezoea wachezaji tisa.

Kila jimbo na kipimo chake

Marekani haina sheria moja ya kupanga shule katika makundi. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, na kila chama kina namna yake ya kuhesabu.

Texas huhesabu wanafunzi wote, wavulana kwa wasichana, na kupanga makundi upya kila baada ya miaka miwili. Shule za umma zimegawanywa katika ngazi sita. Ngazi ya juu ni ya shule zenye wanafunzi zaidi ya 2,000. Ngazi ya chini, ambayo ndiyo hucheza futiboli ya watu sita, ni ya shule zisizofikia wanafunzi 105. Ubingwa wa jimbo wa wachezaji sita umekuwapo tangu 1972, na katika miaka ya karibuni fainali zake zimechezwa Arlington, katika uwanja wa Dallas Cowboys wenye nafasi ya watu wapatao 80,000.

Nebraska ilibadili hesabu yake ya futiboli na kuanza kutazama wavulana tu. Hoja ilikuwa rahisi: shule mbili zinaweza kuwa na wanafunzi 100 kila moja, lakini moja ikawa na wavulana 60 na nyingine 40. Katika shule kubwa tofauti hizo hujisawazisha zenyewe. Katika shule ndogo, darasa moja lenye wasichana wengi hubadilisha kila kitu.

Iowa na Minnesota zimekwenda hatua nyingine kwa kuingiza umaskini katika hesabu. Huko, kinachotazamwa ni wanafunzi wanaostahili msaada wa chakula cha mchana shuleni kutokana na kipato cha familia zao, na asilimia 40 ya idadi yao hupunguzwa kutoka jumla ya shule. Shule yenye wanafunzi 500, ambayo 250 kati yao wanapata msaada huo, huhesabiwa kama yenye 400. Iowa ilianza kutumia kanuni hiyo kwa futiboli mwaka 2023. Waliounga mkono walisema kijana anayefanya kazi jioni, au asiye na usafiri wa kumrudisha nyumbani baada ya mazoezi, yumo katika orodha ya shule lakini hayumo uwanjani.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Vyama huhesabu walioandikishwa kwa sababu idadi hiyo haiwezi kuchezewa kirahisi. Kama makundi yangepangwa kwa kutazama waliojitokeza mazoezini, kocha angeweza kuwaambia vijana kumi wakae nyumbani mwaka mmoja ili timu ishuke daraja, kisha warudi wakiwa na nguvu kuliko wapinzani. Lakini aliyeandikishwa si lazima awe mchezaji. Kipimo kilicho rahisi kulinda dhidi ya udanganyifu si lazima kioneshe hali halisi ya uwanjani.

Kuungana nako kuna gharama

Baadhi ya shule huamua kuunda timu ya pamoja na jirani. Wachezaji wanaongezeka, lakini wanafunzi wa shule zote mbili hujumlishwa, na jumla hiyo inaweza kuisukuma timu hadi kundi la juu. Shule inayotafuta wachezaji watano inaweza kujikuta ikikabili wapinzani wenye wachezaji mara mbili ya wake. Kuna pia swali la jina, la rangi za jezi, na la uwanja gani utaandaa mechi. Miji iliyokuwa mahasimu kwa vizazi vitatu haikubaliani kwa siku moja.

Njia nyingine ni kushuka bila ruhusa ya kushindania kombe. Katika Wisconsin na Nebraska, shule iliyozidi kiwango inaweza kucheza futiboli ya watu wanane, lakini haiingii hatua ya mtoano. Kwa timu yenye vijana 15, huo ni uamuzi wa busara. Kwa kijana wa mwaka wa mwisho aliyeota ubingwa tangu utotoni, ni adhabu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kushuka daraja huleta pia safari. Shule zinazocheza mchezo wa watu wachache zimetawanyika, hivyo jirani wa kilomita 15 anaweza kuwa kundi tofauti, na mpinzani wa Ijumaa akawa mwendo wa saa mbili au tatu kwa basi.

Wapo wazee wanaoona kwamba mchezo wa watu sita au wanane si futiboli kamili. Historia haiwaungi mkono. Jack Pardee alicheza futiboli ya watu sita huko Christoval, Texas, kabla ya kuwa mchezaji na baadaye kocha katika ligi kuu ya kulipwa, NFL. Rashaan Salaam, aliyeshinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu mwaka 1994, alitoka shule iliyocheza watu wanane huko California. Leighton Vander Esch alianzia timu ya watu wanane katika mji mdogo wa Riggins, Idaho, na mwaka 2018 Dallas Cowboys wakamchagua katika raundi ya kwanza.

Somo kwa majirani

Afrika Mashariki hatuchezi futiboli hiyo, lakini swali lake si geni kwetu. Michezo ya FEASSSA hukutanisha shule za sekondari za Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika safari ya kufika huko, shule ya kutwa ya kijijini hupambana na shule ya bweni inayosajili vipaji kutoka wilaya nyingi. Kwetu, vijana hugawanywa kwa umri na jinsia, si kwa ukubwa wa shule. Wamarekani wanatuonesha kwamba kugawa kwa ukubwa kunawezekana, na pia kwamba popote mstari utakapochorwa, kuna shule itakayojikuta upande usioifaa.

Katika vijiji vya Nebraska na Iowa, makocha wamejifunza kutosubiri tangazo la chama. Wanakwenda kuhesabu watoto wa shule ya msingi. Aliye darasa la kwanza leo atafika la 9 baada ya miaka minane, na shule yenye wavulana wanne katika darasa hilo inajua mapema ni mchezo gani itaweza kucheza wakati huo, na kama itahitaji kumpigia jirani simu.