Je, Simu Yaweza Kumtuliza Mtu Mzima Mwenye Mawazo?

Hapa kwetu Makina ukisikia watu wakisema "fulani ana mawazo", huna haja ya kuuliza zaidi. Hana homa wala hajavunjika mguu, lakini usiku halali. Mchana anakaa nje ya mlango akitazama mtaro, chakula anakionja tu, na akiulizwa anajibu, "Niko sawa." Baba wa namna hiyo hapelekwi hospitali. Kwa watu wengi wa mtaani, daktari wa akili ni Mathari, na Mathari, iliyofunguliwa mwaka wa 1910, wanaihesabu kuwa mahali pa wendawazimu. Nani atakubali aonekane akishuka matatu pale Barabara ya Thika?

Na hata akikubali, madaktari wenyewe wako wapi? Sensa ya 2019 ilitupata Wakenya zaidi ya milioni 47, ilhali madaktari wa akili wa nchi nzima walikuwa kiasi cha 100 hivi. Gawanya mwenyewe: daktari mmoja kwa watu karibu laki tano! Ndiyo maana wataalamu wa nchi mbalimbali wameanza kuuliza kama sehemu ya matibabu haya yaweza kupitia kwa intaneti.

Watu wakisikia hivyo hudhani ni daktari anayeonekana kwa video. La hasha. Programu nyingi za aina hii ni kama kitabu cha mazoezi kilichotiwa ndani ya simu. Kuna masomo machache, labda matano au sita. Mtu husoma au husikiliza somo moja, hupewa kazi ya kufanya wiki hiyo, kisha hurudi kueleza ilivyokwenda. Mojawapo ya zile za mwanzo ni MoodGYM, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mwaka wa 2001. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitunga yake iitwayo Step-by-Step, ikajaribiwa nchini Lebanoni kwa Walebanoni wenyewe na kwa wakimbizi kutoka Siria.

Hiyo ya Lebanoni ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa hivyo wacha niieleze. Ndani yake mna hadithi yenye picha ya mtu aliyelemewa na huzuni, na msomaji humfuata somo kwa somo. Fundisho kubwa ni hili: mtu akihuzunika huacha kufanya mambo, na kadiri anavyoacha ndivyo huzuni inavyozidi kumkalia. Basi haambiwi "jikaze" (dawa ambayo mtaani hutolewa bure na haijaponya mtu). Anaambiwa achague jambo dogo kabisa na alipangie siku na saa. Tuseme ni mtu aliyeacha kwenda Toi kuuza viatu. Hataanza na biashara. Ataanza na kufagia mlangoni pake Jumatatu asubuhi, Jumatano atamtembelea rafiki mmoja, na wiki inayofuata atapita sokoni kusalimia tu. Pia kuna mazoezi ya kupumua polepole. Tena hachwi peke yake na simu: msaidizi aliyefunzwa, ambaye si daktari, humpigia au humwandikia kila wiki kwa dakika kama 15.

Msaidizi asiye daktari si jambo geni kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalieleza majaribio ya mpango mwingine wa shirika hilo hilo, uitwao Problem Management Plus, ambapo wanawake 518 wa pembezoni mwa Nairobi walishiriki. Wahudumu wa afya ya jamii, watu wa kawaida waliopewa mafunzo, walikutana ana kwa ana mara tano na wale waliopangiwa mpango huo. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Kwa upande wa vijana, shirika la Shamiri lililoanzishwa 2018 lilifanya majaribio na wanafunzi 51 hapa hapa Kibera, na baadaye likajaribu somo moja la kompyuta kwa wanafunzi 103. Dalili za huzuni zilipungua. Lakini hao walikuwa wanafunzi kama sisi. Mzazi anayewaza kodi ya nyumba ni habari nyingine.

Sasa tuje kwa vikwazo, maana havikosi. Bando ni pesa, na simu moja huenda inatumiwa na nyumba nzima. Halafu, katika chumba kimoja chenye watu sita, utasikilizia wapi somo la huzuni yako bila jirani kujua kupitia ukuta wa mabati? Siri nayo yaweza kuvuja kwa wenye programu. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini ni wangapi husoma masharti kabla ya kubonyeza "kubali"? Isitoshe, imeonekana kwamba wengi huanza programu hizi na wachache humaliza, hasa pasipokuwa na mtu wa kuwafuatilia. Na programu hailipi kodi. Mtu aliye katika hatari ya kujidhuru asiachiwe simu yenye masomo, ahitaji mtu. Nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo.

Kikwazo kinachokihusu chama chetu ni lugha. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka wa 2006 pamoja na nyanya 14, na maswali yao yako kwa Kishona. Nyanya hao hawataji ugonjwa kwa jina la kizungu. Husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi.

Muhula huu tulijaribu kulitafutia neno hilo Kiswahili cha hapa kwetu. Wengine walisema "kufikiria sana", lakini mwalimu akauliza, si ndiyo tunayowaambia mfanye kabla ya mtihani? Wengine walitaka "msongo wa mawazo", neno zuri la vitabuni, ila mama wa samaki pale sokoni halisemi. Kura zikaenda kwa "mawazo" peke yake, na swali likawa: "Wiki hii mawazo yamekuzidi?" Mwenzetu mmoja alienda kulijaribu kwa nyanya yake jioni hiyo. Nyanya aliweka kikombe chini, akamvutia kigoda, akamwuliza, "Kwani una saa ngapi?"